Marehemu Mume Wangu Bado Anaripoti Kazini

Paskazia Donatus,
Kota za Karakana, nyumba ya mwisho, jirani na tangi la maji,
Mgodi wa Lubandamo,
Geita.

18 Aprili, 1998

Meneja wa Ulinzi,
Mgodi wa Lubandamo.

YAH: MAREHEMU DONATUS MAGENI KUITWA MTORO

Ndugu Meneja,

Shikamoo. Nasikia umri wako ni mdogo kuliko wangu, lakini shikamoo hii ni ya cheo, kwa hiyo ipokee bila wasiwasi. Mimi na watoto hatujambo. Mvua za elnino zimetubakizia paa na tunashukuru. Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa.

Mimi ni mjane wa Donatus Mageni, fundi mitambo wa karakana yenu, aliyefariki mwezi wa pili kwa homa iliyompanda kichwani. Tulimzika kwenye makaburi yaliyo ng'ambo ya geti kuu. Kampuni ilitoa mbao za jeneza, na mkuu wa karakana alitupa udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe, nilimwona. Nayataja haya kwa sababu juma lililopita nimeletewa barua ya onyo, ya pili sasa, yenye jina la mume wangu. Inasema kompyuta ya getini inamwona akiingia kazini kila asubuhi, ila karakana haijamwona akishika hata spana, na kwamba akiendelea na utoro huo atafukuzwa. Kanuni za kota unazijua. Familia ya mfanyakazi aliyefariki hukaa mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka, na familia ya mtoro huondoka kesho yake.

Bwana Meneja, mume wangu alikuwa na kasoro zake na mimi nazijua kuliko mtu yeyote. Alikoroma. Baiskeli yetu aliiazimisha mtaa mzima, ikawa inarudi nyumbani kutusalimia tu. Lakini utoro hakuwa nao. Siku ya harusi ya mdogo wake alikwenda kazini kwanza, akaja kucheza ngoma na grisi mikononi, na shati la bwana harusi mpaka leo lina alama. Neno hilo la mtoro limeniuma sana. Msiba ulikuja na watu wa kunishika mkono, neno hili limekuja na mhuri peke yake.

Kwa kuwa umehamia juzi kutoka Dar es Salaam na hukuwepo mtambo huu wa getini ulipofungwa, naomba nikueleze kidogo. Zamani watu waliingia kwa vitambulisho, na vitambulisho vikawa vinaazimwa, leo anaingia mwenyewe, kesho binamu yake. Uso nao ukichanganya kofia ngumu na vumbi, wote ni ndugu. Ndipo akaletwa Dhaval, kijana wa watu wa duka la vifaa vya ujenzi pale Shinyanga mjini, aliyesomea mambo haya ng'ambo. Akasimika kamera ya video juu ya mlingoti, akapaka chokaa ukuta wa mbele yake, akajenga kinjia cha saruji katikati, akawapitisha wafanyakazi mmoja mmoja na kila mtu akarekodiwa kwenye mkanda wake. Mkutanoni alitueleza kwamba kompyuta haitazami sura. Inatazama umbo tu, mtu anavyotupa miguu, anavyobeba mabega, mikono inavyofuata, inalinganisha na mkanda wake, inataja jina, na boriti la geti linanyanyuka. Alisema kitambulisho kinaazimwa lakini mwendo wa mtu hauazimiki. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wengine kwa sababu chai aliyokuwa anakunywa ilikuwa yangu.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Mtambo ulifungwa bila kuuliza kama hapa kuna utani. Kantini yenu ina mpishi aitwaye Nasibu, Mzaramo wa Kisarawe, na kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wasukuma. Siku ya mazishi alifanya kazi yake ya utani kama inavyompasa. Alivaa ovaroli ya marehemu, gambuti za marehemu, kofia ngumu ya marehemu, akatangulia mbele ya jeneza akitembea kama marehemu. Sijui kama uliwahi kumwona mume wangu akitembea. Alikulia Kishapu, akifuata plau ya ng'ombe kwenye mashamba ya pamba, mguu mmoja ndani ya mfereji na mwingine juu ya tuta, na mpaka amekuwa mtu mzima, hata juu ya saruji, bega la kulia lilikaa juu na mguu wa kushoto ukashuka kana kwamba upande ule ardhi ni ya chini. Nasibu aliupata wote. Watu walicheka huku wanalia, mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikashikiliwa. Sasa barabara siku hiyo ilikuwa imejaa maji, ikabidi jeneza lipitishwe kwenye kinjia chenu cha saruji. Kompyuta ikamwona Nasibu, ikaandika DONATUS MAGENI, na boriti likanyanyuka. Waombolezaji wakasema, kumbe kampuni hii ina heshima, imemnyanyulia marehemu geti. Hakuna aliyejua kwamba ndiyo kwanza ameripoti kazini.

2. Mwendo wa marehemu haujakombolewa. Kwa desturi, mtani msibani hukamata kitu, chungu, jembe, hata mlango, na wafiwa humpa kuku ili akiachie. Nasibu hakukamata chungu. Alisimama mbele ya watu wote pale kaburini akatangaza kwamba amekamata mwendo. Shemeji yangu Januari, mdogo wake marehemu, akamletea kuku. Nasibu akamwangalia yule kuku, akasema huyu anatosha kukomboa kikohozi, mwendo kama ule ni beberu. Januari akajibu kwamba Mzaramo hawezi kula beberu la Msukuma kwa sababu ya kurusha miguu, kama ana njaa akakune nazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyelegeza. Nasibu anaingia geti lenu kila asubuhi kwa mwendo wa mume wangu, ili tusisahau kwamba anao. Simlaumu, ni haki yake. Nailaumu kompyuta, kitu kizima na bei yake, kisichojua tofauti ya mtu na mtani wake.

Naomba uone pia kwamba kwa hesabu za mtambo wenu Nasibu mwenyewe hajafika kazini tangu siku ya mazishi. Wali wa kantini mnaokula mchana anaupika nani? Mkimwandikia na yeye barua ya utoro, mtakuwa mmemwandikia aliyepo kwa kutokuwepo na asiyekuwepo kwa kuwepo bila kufanya kazi.

3. Mlinzi wa zamu ya asubuhi, Ghati, ni mama wa Kikurya mwenye macho mazima. Nasibu anamjua, wanaazimana ugoro. Lakini ofisi yenu ilibandika tangazo kibandani kwamba mlinzi asibishane na kompyuta, na Ghati ni mtu wa amri. Kwa hiyo kila asubuhi boriti likinyanyuka yeye humpigia saluti na kumwuliza, habari za huko, marehemu? Nasibu humjibu kwamba huko kuzuri, hakuna zamu ya usiku. Halafu wanacheka, na sauti inafika mpaka kwenye tangi la maji ninapochota. Nimekwenda kumlalamikia Ghati, akaniambia kwa upole kwamba yeye anajua fika mume wangu alikufa, ila hana ruhusa ya kujua.

4. Jambo hili limeingia ndani ya nyumba yangu. Kompyuta inasema Donatus anaingia asubuhi na anatoka jioni. Wanawake wa pale tangini wameniuliza, mama Philo, akitoka jioni anakwenda wapi, mbona kwako hafiki? Mmoja akasema labda amepata nyumba Segese, maana wanaume wa mgodini wakipotea huwa wanapotelea huko. Nilicheka, nikabeba ndoo yangu, nikafika nyumbani nikaketi, na nasikitika kukuarifu kwamba nilianza kuona wivu. Usiku nilikuwa nawaza huyo mwanamke wa Segese ana nini ambacho mimi sina, kumbe namwonea wivu mwanamke ambaye hayupo juu ya mume ambaye hayupo. Bwana Meneja, mtu hawezi kuwa hai kwenu na marehemu kwangu. Kama mnaye, mleteni, kuna bati linavuja juu ya jiko. Kama hamnaye, mwacheni.

5. Januari, kwa kutaka ushauri, aliichukua ile barua ya onyo ya kwanza akaipeleka kwa wazee wetu kule Mhunze. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Wazee walivaa miwani, wakaisoma wote kwa zamu, wakaona mhuri, wakasema karatasi yenye mhuri haijawahi kuandikiwa mtu aliyekufa. Kwa hiyo kikao cha kumaliza msiba kimeahirishwa mpaka kampuni iseme vinginevyo. Mimi naendelea kuvaa nyeusi, sokoni siendi, ngoma ya mtoto wa jirani imenipita. Na shangazi yake marehemu, ambaye tangu posa hakuwahi kunipenda, ametuma ujumbe kwamba alikuwa anashangaa siku zote kwa nini nilikuwa na haraka ya kuzika.

6. Nilikwenda kwa karani wa utumishi nimwombe aandike kwamba mume wangu amefariki. Akanitazama kwa huruma, akaniambia mama, siwezi kuandika amefariki wakati leo asubuhi ameingia. Akasema kwanza mwendo wake ufutwe kwenye kompyuta, ndipo jina lifuate. Haya basi. Kama msimamo wa kampuni ni kwamba yupo, mimi ni mke mtiifu, sibishani na ofisi. Nadai haki zake zote kama mfanyakazi aliye kazini. Likizo yake ya mwaka jana hakuichukua, apewe sasa, na naomba iwe ndefu. Gambuti zake ziko kwa Nasibu, na mahali alipo kuna unyevu sana kwa mvua hizi, apewe nyingine. Alikuwa amependekezwa kuwa mkuu wa zamu, na naona sasa anafaa zaidi, hagombani na mtu. Apimwe afya kama wenzake, daktari aandike anachokiona. Na kuhusu utoro, mwiteni kwenye kikao cha nidhamu ajitetee kwa mdomo wake. Mimi nitamsindikiza mpaka mlangoni. Ninachoomba ni mwenyekiti wa kikao awe mtu wa moyo mgumu, maana Donatus alikuwa mtu wa kufika akiitwa.

Tena fikiria mbele. Mgodini kwenu kuna Wazaramo, kuna Wasukuma, kuna Wanyamwezi, watani wamejaa kila idara. Kila atakayekufa atakamatwa mwendo. Kidogo kidogo geti litakuwa linapitisha marehemu watupu, wanaofika mapema, hawagomi, hawali kantini, na wakubwa wenu wa ng'ambo wakiona makaratasi watasema hawa ndio wafanyakazi bora, ongezeni. Siku hiyo sisi wajane tutaanzisha tawi letu la chama cha wafanyakazi, na katibu nitakuwa mimi.

Kwa hayo yote, naiomba ofisi yako ifanye mambo matatu. Kwanza, mwendo wa Donatus Mageni ufutwe kabisa kwenye kompyuta, usibaki hata unyayo. Pili, kampuni impe Nasibu beberu, kwa kuwa ni kompyuta yenu iliyokubali madai yake, na Januari hatakubali mpaka siku ya mwisho. Tatu, iandikwe barua nyingine, yenye mhuri mkubwa kuliko ule wa kwanza, iseme kwamba fundi Donatus alifariki akiwa mfanyakazi asiyekosa kazi, ili mimi na watoto tumalizie mwaka humu kota kwa heshima na wazee wa Mhunze wapate kitu cha kusoma.

Nisalimie mama watoto wako, watoto wenyewe, mkuu wa karakana, karani wa utumishi na walinzi wote wa zamu zote. Msalimie na yule paka anayelala juu ya kompyuta kwa sababu ya joto, nasikia yeye mtambo haujawahi kumkosea jina. Wabeja sana, ndiyo asante yetu Wasukuma, Bwana Meneja, na Mungu akupe mwendo mwema, uliorekodiwa na usiorekodiwa.

Ni mimi, mjane kwa mujibu wa padre, mke kwa mujibu wa kompyuta yenu,

Paskazia Donatus (mama Philomena)

Nakala: Bwana Dhaval, Kibanda cha Kompyuta.
Ndugu Nasibu, Kantini, kwa mwendo wowote atakaokuwa nao siku hiyo.

Nyongeza:

Barua hii nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi ya ugali, nikaileta getini mimi mwenyewe. Nilifuatana na binti yangu Philomena, ambaye yuko nyumbani kwa likizo ya Pasaka kutoka shule ya bweni kule Chato. Huyu mtoto hakuwahi mazishi ya baba yake. Barabara ilikatika, basi likalala njiani, na alipofika tulikuwa tumeshafukia na watu wanaosha majembe.

Dhaval alitukuta kwenye benchi la walinzi. Nikamweleza ombi langu la kwanza. Akasema ni jambo dogo. Kumfuta mtu maana yake ni kuchukua mkanda wake wa ile siku ya kwanza na kurekodi juu yake mwendo wa mtu mwingine, kwa sababu mikanda ni michache na waajiriwa wapya wanasubiri. Ila ilibidi mimi nithibitishe kwanza kwamba anayefutwa ndiye. Akatuingiza kibandani, akamsogeza paka, akautia mkanda.

Nilidhani nitamwona Nasibu. Alikuwa Donatus. Ni kiangazi, ukuta umepakwa chokaa juzi, anatokea upande wa kushoto na ovaroli niliyoitia kiraka cha goti mimi mwenyewe. Anatembea vile anavyotembea. Akifika mwisho hajui aende wapi, anamwangalia mtu aliye nyuma ya kamera, anacheka, anapangusa buti kwenye suruali kama anaingia nyumba ya watu, halafu anatoka. Sauti haimo. Kwetu tuna picha yake moja tu, ya kitambulisho, na pale amekunja uso kama mtu anayeibiwa.

Philomena alisema, mama, mwambie arudie. Dhaval akaurudisha mkanda. Halafu akaurudisha tena bila kuambiwa, akatuonyesha kitufe cha kubonyeza, akasema anakwenda nje kuangalia waya. Nje kuna waya gani sijui. Alikaa muda mrefu.

Aliporudi nilimwuliza mikanda ambayo haifutwi ni ya nani. Akaniambia ni ya watu waliofukuzwa kazi. Marehemu hufutwa, waliostaafu hufutwa, ila waliofukuzwa hutunzwa siku zote, ili kompyuta iwatambue wakijaribu kurudi.

Kwa hiyo, Bwana Meneja, hayo yote niliyoandika hapo juu, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, naomba uyakate kwa mstari. Barua yenye mhuri mkubwa siitaki. Beberu msitoe, Nasibu nitamalizana naye mwenyewe, na nitamwambia bega analizidisha, sasa nimeuona mwendo wenyewe. Kota tutahama kesho yake kama kanuni inavyosema, Januari ana chumba Mhunze. Wazee nitawajibu, na shangazi pia.

Ninachoomba ni kimoja. Naomba mume wangu afukuzwe kazi kwa utoro, haraka iwezekanavyo. Na barua ya kumfukuza mkishaipiga chapa, msihangaike kuituma. Nipeni mimi, nitampokelea.